Wiki ya tatu sasa: chupa ya mtama iko mwembeni, ndege hawashuki. Tumekosea wapi?

#1 BabaWawili_Ipuli
Wakuu salaam. Niko Ipuli, Tabora. Likizo hii ya Juni nilisema watoto wasimalizie macho kwenye simu, tutengeneze kitu kwa mikono. Ninao wawili, mmoja miaka kumi na mwingine sita. Tukaamua kutengeneza chombo cha kulishia ndege.

Tulichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nikachoma msumari wa nchi nne kwenye jiko la mkaa, nikaushika kwa koleo, mkubwa akanishikia chupa kwa tambara. Tukatoboa upande huu na upande huu, tukapitisha mwiko wa mama yao ulioanza kupasuka. Tundu la upande wa bapa la mwiko tulilipanua kidogo ili mtama udondokee pale ndege anaposimama. Chini tukaacha vitundu vya kutolea maji. Mara ya kwanza tulipanua mno, mtama wote ukamwagika shaaa! Mdogo alicheka mpaka akakaa chini, na kuku wa jirani wakaona leo Idi. Chupa ya pili ikakubali. Tukaining'iniza kwenye mwembe kwa kamba ya katani.

Sasa mdogo ana daftari lake. Kila asubuhi anakaa kwenye kigoda na kikombe cha uji, anahesabu. Jana nimelifungua: "Jumatatu ndege 0. Jumanne ndege 0. Jumatano ndege 0 kuku 4." Wiki tatu za sifuri, mzazi unajisikiaje?

Na ndege wapo! Alfajiri wako juu ya bati wanapiga kelele kuliko mashine ya kusaga. Kwenye chupa hawagusi. Shida ni nini?

#2 KitiChaMbele
Nimeshakaa. Wajuzi waje.

#3 MzeeWaGongoni
Kijana, mimi nimezaliwa hapahapa mjini. Utotoni tulikuwa tunaiba ungo wa mama, tunausimamisha upande mmoja kwa kijiti, kijiti tumekifunga uzi, chini ya ungo tunamwaga mtama. Sisi tumelala kifudifudi nyuma ya choo, uzi mkononi. Tetere akiingia, vuta. Mboga ya jioni hiyo.

Sasa wewe umetundika chakula cha bure, halafu watu watatu mmekaa barazani mmekodoa macho. Ndege akitazama pale anaona ungo. Ondokeni barazani.

#4 DadaWaCheyo
Hahaha mzee shikamoo. Kwa hiyo mtoto na daftari lake ndiye mvuta uzi.

Swali langu ni jina. "Chombo cha kulishia ndege" ni refu kama treni ya mizigo. Mimi ningekiita kihori.

#5 BwanaShambaMstaafu
Kihori ni cha ng'ombe na punda, dada yangu. Tuyaache majina.

BabaWawili, tazama kalenda. Kwetu mvua zinakata kuelekea Mei. Juni hii watu wanavuna au wameshavuna, masazo yamejaa mashambani, na mbegu za majani ya porini zimekauka zimedondoka kila mahali. Ndege mla punje mwezi huu ameshiba kuliko mwaka mzima. Chupa yako ni sawa na kumpelekea pilau mtu anayetoka harusini.

Njaa yake inakuja mvua za kwanza, Novemba na Desemba. Mbegu zilizobaki ardhini zinaota zote kwa mpigo, na majani mapya bado hayajazaa. Hapo katikati kuna wiki ngumu sana kwake. Jaribu wakati huo.

#6 MkulimaIgunga
Yaani mnafundishana kulisha ndege? Njooni huku mpunga ukianza kukaza punje. Wanangu hawachezi, wanashinda juu ya dungu wanapiga madebe toka giza halijatoka. Kwelea kwelea mmoja anakula nusu kilo kwa siku, halafu mtu wa mjini anawatilia kwenye chupa. Tutaonana mkianza kulia bei ya mchele.

#7 BwanaShambaMstaafu
Pole sana mkuu, madungu hayo nimeyapanda. Ila nusu kilo hapana. Kwelea mwenyewe mzima ana gramu kama 20 tu, na kwa siku anakula gramu kama 10. Balaa lake ni wingi. Kundi la milioni moja linaondoka na tani 10 kwa siku, na yapo makundi makubwa kuliko hilo. Kundi hilo halifuati chupa ya Ipuli. Linafuata mashamba ya nafaka na mbuga za nyasi, usiku linalala kwenye miiba au matete.

Na ndege ikishapita kunyunyiza dawa, msiokote waliokufa mkawala. Sumu ile inapiga mishipa ya fahamu, haibagui.

#8 KitiChaMbele
Ndege imewanyunyizia ndege. Kiswahili bwana, hata mwenyewe unajiuliza nani kamuua nani.

#9 MkulimaIgunga
Sawa, gramu 10. Wangu hawajasoma hesabu hizo.

#10 MamaKuku_Isevya
Mimi nimeshtushwa na hao "kuku 4" wa kwenye daftari. BabaWawili, kuku wa jirani yako wamechanjwa? Mwaka juzi nilipoteza kuku thelathini na mmoja ndani ya wiki. Shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, mwingine anazunguka kama amelewa. Mdondo. Walileta njiwa wa nyumba ya pili, wanashuka kula pumba kwangu. Siku hizi natia tone la chanjo jichoni kila miezi mitatu, na punje sizimwagi ovyo uani. Ukilisha ndege wa porini juu, kuku wanaokota chini walichonyea.

#11 FundiBaiskeli
Mama, kabla ya msiba huo ulinunua kuku yeyote mnadani?

#12 MamaKuku_Isevya
Jogoo mmoja. Lakini njiwa nao walikuwepo!

#13 FundiBaiskeli
Jogoo kaachiwa huru, njiwa kafungwa maisha. Haya.

#14 BwanaShambaMstaafu
Njiwa wanaweza kubeba ugonjwa ule, simkatalii mama. Ila mara nyingi unaingia na kuku mgeni, au tenga na viatu vya kutoka mnadani. Chupa iwe mbali na banda, na chini pafagiliwe, basi.

#15 NzegaKwetu
Mwangaluka wote. Mbona hakuna aliyeuliza la maana: mtama wenyewe ni wa rangi gani?

#16 BabaWawili_Ipuli
Mwekundu mkuu. Alitupa shemeji wa Uyui, ulibaki kwake msimu uliopita.

#17 NzegaKwetu
Ulibaki wa chakula au wa kupanda? Mbegu za dukani zinapakwa dawa, nyingi zina rangi kali, waridi au kijani. Hiyo ni sumu kwa ndege, na kwa mtoto anayeshika punje kisha anaramba vidole. Lowanisha kidole, sugua punje chache kwenye kitambaa cheupe. Ukiona unga wa rangi ya kung'aa, mwaga shimoni ufukie.

#18 BabaWawili_Ipuli
Daah, umenitoa jasho. Nimempigia. Ni wa chakula, wa gunia lao la ugali. Nimesugua, hakuna kitu. Asante sana.

#19 NzegaKwetu
Alhamdulillah. Sasa jibu la swali lako ni hilo hilo gunia. Mtama mwekundu mwingi una uchachu unaokaza ulimi, ukitafuna unahisi kama umeuma ndizi mbichi. Wazee waliupanda makusudi kwa sababu ndege wanauacha wanakwenda kwa jirani mwenye mtama mweupe. Wewe umekwenda kununua kufuli, umelining'iniza, unashangaa mlango haufunguki. Weka uwele au mtama mweupe.

#20 DadaWaCheyo
#19 funga uzi, jibu limepatikana.

#21 JikoLaBibi
Usifunge. Si kila mtama mwekundu una uchachu huo, rangi ya ganda inadanganya. Bibi yangu alipanda mwekundu miaka yote, na mwaka wa njaa ndege waliumaliza ukiwa bado una maziwa. Ndege mwenye njaa hachagui. Narudi kwa bwana shamba #5: wameshiba tu.

#22 MrinaSikonge
Nyie watu wa punje mmesahau mnaishi mkoa gani. Tabora ni asali. Tundikeni kipande cha nta.

Ndege wa asali anakula nta, na tumbo lake linaisaga, kitu ambacho ndege wachache sana wanaweza. Kule porini kwetu anakuja mwenyewe, anakaa tawi la karibu, anapiga kelele kama mtu anatikisa kiberiti. Ukimfuata anaruka mbele, anakusubiri, anaruka tena, mpaka kwenye mzinga wa porini. Ukishatoa asali unamwachia sega. Mwaka jana nilisahau sega tupu juu ya mzinga wa gome niliouleta nyumbani kukarabati. Siku ya pili asubuhi nikamkuta anadonoa, kajaa tele, mkia unafunguka nyeupe pembeni. Sikumwita.

#23 DadaWaCheyo
Ndiye yule anayetaga kwenye viota vya wenzake?

#24 MrinaSikonge
Ndiyo huyohuyo. Kifaranga chake kinaanguliwa na kindoana mdomoni, kinawauma watoto wa mwenye nyumba mpaka wanakufa, kinabaki peke yake kulishwa.

#25 KitiChaMbele
Kumbe mwongoza msafara ni muuaji. Watoto wasiusome huu uzi.

#26 UjijiMpaka_Kibirizi
Watani zangu wa Tabora mnahangaika. Kigoma tunapasua papai lililoiva sana, unaliweka juu ya ukuta, shore wanalimaliza kabla chai haijapoa. Chikichi zikianguka ndiyo kabisa. Chupa ya nini?

Ila niwe mkweli. Mwanangu alitengeneza ubao, akaweka papai na ndizi. Siku ya tatu akaja tumbili. Siku ya nne wakaja tumbili na ukoo. Waliingia mpaka jikoni wakachukua sufuria ya dagaa, na mfuniko. Ubao tukaufanya kuni.

#27 MzeeWaGongoni
Mha kaibiwa dagaa na tumbili. Nitalala vizuri leo.

#28 RudiNyumbani
Nimekaa Uingereza miaka miwili, nimeona jambo hili lilikotoka. Kule Desemba mchana ni saa nane tu, usiku saa kumi na sita za baridi. Ndege mdogo asipopata mafuta mchana anaweza asiamke. Ndiyo maana watoto wanapaka karanga za kusaga kwenye matunda makavu ya msonobari, wanayaviringisha kwenye mbegu, wanatundika dirishani. Kila Januari watu wanakaa saa moja kuhesabu ndege wa bustanini. Shirika lao la kulinda ndege, RSPB, liliianza kazi hiyo mwaka 1979, kwa watoto. Daftari la mdogo wako ni lile lile, na sifuri nayo inaandikwa.

Hapa msonobari wa nini, chukueni gunzi la hindi. Paka karanga ya kusaga isiyo na chumvi, viringisha kwenye ulezi, funga kamba. Wanangu walipaka gunzi, nywele na mbwa.

Ila osheni chombo kila wiki. Kule kuanzia 2005 ugonjwa wa koo uliwapiga chiriku wao wa kijani wakapungua vibaya, na vyombo wanavyokutania kula vinalaumiwa kuusambaza.

#29 JikoLaBibi
Karanga zisiwe zile zilizokunjamana za kutupwa. Watu wana tabia, kilichooza "wapeni ndege". Mwaka 1960 hukohuko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Ndipo sumukuvu ikajulikana. Na 2016 Dodoma na Manyara walikufa watu, kwa mahindi. Usichoweza kumpa mwanao, usimpe ndege.

#30 UjijiMpaka_Kibirizi
Waingereza na karanga mbona haziwapendi? Urambo hapo miaka ya 1940 walileta matrekta kulima karanga, wakashindwa wakaondoka. Leo tunawapakia ndege kwenye gunzi.

#31 MamaSalamaMtupu
Ngoja niwape onyo kabla mtu hajaiga video. Mimi nilitaka chozi, wale wembamba wenye mdomo kama sindano. Nikaweka maji ya sukari kwenye kifuniko, nikafunga kwenye ua wa nyumba. Mwezi wa tisa, ukame umeshika. Saa nne asubuhi nyuki wachache. Saa sita sikuona kifuniko, nimeona nyuki tu. Mtoto alikuwa chooni, akafungiwa humo mpaka jua lilipozama, tunampitishia maji chini ya mlango. Kwa mkoa wenye nyuki wengi hivi, maji matamu na watoto havikai ua mmoja. Pandeni ua lenye nekta, chozi atakuja mwenyewe.

#32 MrinaSikonge
Pole mama. Ila nyuki hao walikuwa na kiu vilevile. Ukame ukishika wanafuata hata kitambaa kibichi.

#33 MtuWaKiloleni
Na hapo mmegusa. Ndege wa Juni mpaka Oktoba hana njaa, ana kiu. Mimi nimeweka gae la mtungi uliovunjika, nikalikalisha juu ya matofali matatu, maji kina cha vidole viwili, katikati jiwe la kusimamia. Siku ya kwanza, saa tano, tetere wawili. Chakula sijawahi kuweka hata punje.

#34 DadaWaCheyo
Na mbu je? Malaria tunayo ya kutosha.

#35 MtuWaKiloleni
Mbu toka yai mpaka kuruka anahitaji kama wiki na zaidi. Mwaga kila asubuhi, sugua, jaza mapya. Kazi ya mdogo hiyo, dakika mbili.

#36 FundiBaiskeli
Mimi napita Ipuli kila siku. Mnazungumza uchachu, kiu, kalenda. Mtaa ule una vijana na manati kila kona, na mipira ya ndani ya manati hizo wananunua kwangu. Ndege gani atashuka chini ya bati? BabaWawili, muulize mkubwa wako mfukoni ana nini.

#37 BabaWawili_Ipuli
...

#38 BabaWawili_Ipuli
Nimemuuliza. Anayo.

#39 KitiChaMbele
HAHAHAHA mchana analisha, jioni anapiga.

#40 MzeeWaGongoni
Usimchape. Mwambie akuonyeshe shabaha kwenye kopo. Mimi niliacha ndege siku niliyopewa kopo.

#41 BabaWawili_Ipuli
Sijamchapa. Kasema hajawahi kumpata hata mmoja, nadhani ndicho kilichomuuma zaidi. Manati tumeiweka juu ya kabati kwa makubaliano.

Marejesho baada ya siku tisa. Tumebadilisha mtama kuwa mweupe. Chupa tumeihamishia upande wa uani kwenye mpera, mbali na baraza. Tumeweka gae la maji kama alivyosema mtu wa Kiloleni. Na gunzi la karanga tumelitundika pembeni.

Siku ya tatu sisimizi wamelimaliza gunzi, wamepanga foleni kwenye kamba toka chini. Mkubwa kapaka grisi ya baiskeli kwenye kamba, foleni imekatika.

Leo asubuhi mdogo kaja mbio ndani, uji umemwagikia shati: "Baba yupo! Yupo kwenye chupa!"

#42 NzegaKwetu
Nilisema mimi. Mtama mweupe.

#43 MtuWaKiloleni
Maji hayo, mkuu.

#44 FundiBaiskeli
Manati iko kabatini, mnatafuta sababu gani nyingine?

#45 JikoLaBibi
Mmebadilisha vitu vinne kwa mpigo, hapo hakuna wa kujisifu. Na wiki tatu zinatosha ndege kuzoea kitu kigeni hata usipobadilisha chochote.

#46 BwanaShambaMstaafu
Amekula?

#47 BabaWawili_Ipuli
Hapo ndipo penyewe. Nilitoka polepole nikachungulia pembeni ya ukuta. Kasimama juu ya kifuniko cha chupa. Mtama hakuutazama. Maji hakuyatazama. Alikuwa anavuta nyuzi za kamba ya katani, moja moja, anakaza miguu anavuta mpaka anayumba, akipata mdomo umejaa anaondoka, anarudi. Zile sehemu zenye grisi anaziruka. Karudi mara sita, mdogo kahesabu.

Mchana chupa imedondoka. Kamba imebaki nyuzi mbili.

Daftari linasema: "Ndege 1. Kuku 7."

#48 MamaKuku_Isevya
Saba sasa! Mwambie jirani kuhusu chanjo.

#49 MrinaSikonge
Alikuwa shomoro au mnana?

#50 BabaWawili_Ipuli
Mkubwa anasema shomoro, mama yao anasema mnana. Wa kahawia, kichwa kijivu, mdomo mfupi mnene.

#51 MkulimaIgunga
Mdomo mwekundu?

#52 BabaWawili_Ipuli
Hapana mkuu, mweusi. Pumua.

#53 MzeeWaGongoni
Shomoro huyo. Mnana anapenda nyuzi za majani mabichi.

#54 UjijiMpaka_Kibirizi
Mnana wa kwetu anachukua hata nyuzi za wavu. Tupia picha.

#55 BabaWawili_Ipuli
Simu alikuwa nayo mkubwa, alikuwa anaangalia katuni. Kesho. Tumeshamkatia mdogo vipande vya katani urefu wa kidole, kaviweka kwenye kifuniko juu ya gae.